Mali bila daftari: Nyimbo zetu na funzo la Detroit

Majuzi nilialikwa harusini Mji wa Kale, Mombasa. Usiku ulipokuwa umekolea na wageni wamekwisha kula pilau, kijana mmoja mwenye kinanda alianza wimbo ambao watu wote wa makamo waliokuwapo waliujua. Wazee wakatikisa vichwa, na mmoja wao akainuka kwenda kumtuza. Nikamgeukia jirani yangu, nikamwuliza: "Wimbo huu ni wa nani?" Bila ya kufikiri alinitajia jina la mwimbaji mashuhuri aliyeutia katika kanda miaka mingi iliyopita. Nikamwuliza tena: "Huyo ndiye aliyeuimba. Je, aliyeutunga ni nani?" Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la fundi aliyechonga mlango wa nyumba ya watu.

Mimi nilimjua mtungaji. Alikuwa mzee wa mtaani kwetu, fundi cherehani, ambaye kila baada ya sala ya alasiri akiketi barazani na daftari la shule mapajani, akihesabu mizani kwa vidole. Waimbaji walikuwa wakimjia hapo hapo. Wakiondoka na karatasi. Yeye akibaki na kitambaa cha kanzu, au noti mbili, au ahsante. Alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, mali yake ilihesabiwa kama inavyopasa. Mjane alipata thumuni yake na watoto mafungu yao, katika cherehani, kitanda na sehemu ya nyumba. Madaftari hayakuhesabiwa. Yalitiwa katika sanduku la bati, na nilipoyauliza mara ya mwisho niliambiwa kwamba mchwa wamekwisha kuyafikia. Nani kati yetu amewahi kusikia kadhi akiulizwa juu ya thumuni ya wimbo?

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii twaitumia dukani na shambani, lakini hatujaitumia kwenye nyimbo. Ningependa kumpa msomaji mfano wa watu walioitumia huko, ili apime mwenyewe tulichokipoteza na ambacho bado twaweza kukiokoa. Mfano wenyewe watoka mbali, katika mji wa Detroit huko Marekani, lakini naamini kwamba mtu wa Pwani ataufahamu upesi.

MKOPO WA JAMAA

Detroit ni mji wa viwanda vya magari. Hapo ndipo alipozaliwa mwaka 1929 mtu mmoja mweusi aitwaye Berry Gordy. Katika ujana wake alikuwa mpiganaji wa ngumi, akafungua duka la santuri likamfia, kisha akafanya kazi kiwandani, mahali magari yanapoungwa kipande kwa kipande. Kuanzia mwaka 1957 nyimbo alizoshiriki kuzitunga ziliimbwa na Jackie Wilson, mwimbaji aliyekuwa akivuma sana, zikapata sifa. Lakini Gordy aligundua jambo ambalo watungaji wetu walijua zamani: sifa humwendea anayeonekana jukwaani, na fedha humwendea mwenye karatasi.

Jamaa zake walikuwa na mfuko wao, kila mmoja akitoa kidogo kila mwezi, kama wafanyavyo akina mama wetu katika vyama vyao. Mwezi wa Januari 1959 Gordy aliomba mkopo katika mfuko huo. Jamaa hawakumpa kwa mapenzi matupu. Walimhoji, wakakubaliana dola 800, na wakamtia sahihi kwamba atalipa. Kwa fedha hizo alianza kazi, na mwaka huo huo akanunua nyumba katika barabara ya West Grand Boulevard, studio ikawa chini na familia ikakaa juu. Ndiyo kampuni ambayo dunia nzima imeijua kwa jina la Motown.

Habari za Motown zimeandikwa sana, na hata hapa kwetu vijana wa miaka ya sitini na sabini walizicheza santuri zake. Lakini wachache wamesikia habari za ndugu yake, kampuni iliyokuwa ikifanya kazi kimya kimya pembeni mwake, iitwayo Jobete. Gordy aliitunga kwa herufi za mwanzo za majina ya watoto wake watatu: Joy, Berry na Terry. Jobete haikuuza sahani hata moja. Kazi yake ilikuwa kumiliki nyimbo.

KIWANJA NA NYUMBA

Pengine msomaji atauliza: kumiliki nyimbo bila ya kuuza sahani ni kumiliki nini? Wakazi wa Majengo hawahitaji maelezo marefu. Katika mitaa mingi ya Mombasa nyumba ni ya mtu mmoja na kiwanja ni cha mwingine. Mwenye nyumba amejenga kwa fedha zake, hupangisha vyumba, huezeka upya akitaka. Lakini kila mwezi humlipa mwenye kiwanja kodi yake. Nyumba ikianguka ikajengwa nyingine, kodi ya kiwanja yaendelea.

Basi wimbo, yaani maneno na sauti yake, ndio kiwanja. Sahani au kanda ndiyo nyumba iliyojengwa juu yake. Mwimbaji mmoja akiurekodi wimbo, amejenga nyumba moja. Akija mwingine baada ya miaka ishirini akaurekodi upya, amejenga ya pili, naye pia apaswa kulipa. Redio ikiupiga, filamu ikiutumia, tangazo la biashara likiukata kipande, kote huko kodi yadaiwa. Kodi hiyo ndiyo iitwayo mrabaha, na kazi ya kampuni kama Jobete ni kuiandika, kuidai, na kumgawia mtungaji fungu lake baada ya kuchukua la kwake.

Daftari la Jobete lilikua kwa njia hiyo. Watungaji walikuwa ndani ya nyumba ile ile, wakiingia asubuhi kama mafundi wa kiwandani, na kila walichokitunga kiliandikwa. Smokey Robinson alikuwa akiimba na kundi lake la Miracles, na papo hapo akiwatungia wengine. Vijana watatu, ndugu wawili wa ukoo wa Holland na mwenzao Lamont Dozier, waliwatungia wasichana wa Supremes nyimbo kumi zilizoshika nafasi ya kwanza Marekani baina ya mwaka 1964 na 1967. Norman Whitfield na Barrett Strong walitunga wimbo uitwao "I Heard It Through the Grapevine". Gladys Knight na wenzake waliutoa mwaka 1967 ukavuma. Mwaka uliofuata Marvin Gaye akautoa kwa namna yake, ukavuma zaidi. Nyumba mbili, kiwanja kimoja.

Nyumba nyingine zilijengwa mbali na Detroit. Mwaka 1963 vijana wa Beatles wa Uingereza, katika sahani yao ndefu ya pili, waliimba nyimbo tatu zilizotoka katika daftari la Jobete. Karibu miaka ishirini baadaye, mwaka 1982, Mwingereza mwingine, Phil Collins, aliurudia mmoja wa nyimbo za Supremes ukashika nafasi ya kwanza kwao. Waliokuwa wamezitunga hawakuhitaji kupanda jukwaani tena. Mikono yao ilikuwa imekwisha kufanya kazi, na karatasi ikaendelea kuwafanyia.

HESABU

Mwezi wa Juni 1988 Gordy aliiuza Motown, kampuni ya sahani, kwa dola milioni 61. Watu wengi walisikitika kwamba mali ya weusi imetoka mikononi mwao. Lakini hakuiuza Jobete. Alikaa nayo. Mwaka 1997 aliuza nusu yake kwa kampuni ya EMI ya Uingereza kwa dola milioni 132. Mwaka 2003 akauza sehemu nyingine, asilimia 30, kwa dola milioni 109 na ushei. Mwaka uliofuata akamalizia asilimia 20 zilizobaki kwa dola milioni 80. Jumla yapita dola milioni 320, yaani zaidi ya mara tano ya bei aliyoiuzia sahani. Daftari lenyewe lilikuwa na nyimbo zipatazo 15,000. Baadaye nyimbo za EMI ziliingia mikononi mwa Sony, na huko ndiko ziliko za Jobete.

Sitaki kumdanganya msomaji kwa hesabu ya upande mmoja. Sahani nazo zilipanda bei: waliozinunua mwaka 1988 waliziuza mwaka 1993 kwa zaidi ya dola milioni 300. Kwa hiyo funzo silo kwamba nyumba haina thamani. Funzo ni kwamba mali ya namna hii huzidi kwa yule mwenye kuisubiri, na hakuna awezaye kuisubiri mali ambayo haikuandikwa kuwa yake.

KALAMU INAWEZA KUFUTA

Lakini daftari lina mshika kalamu. Yule Barrett Strong niliyemtaja ndiye aliyeimba wimbo wa kwanza wa Gordy uliofanikiwa, uitwao "Money", mwaka 1959. Katika karatasi za serikali za mwaka ule jina lake liliandikwa miongoni mwa watungaji watatu. Miaka mitatu baadaye lilifutwa. Likarudishwa mwaka 1987, likafutwa tena mwaka 1988. Gazeti la New York Times lilipoeleza habari hizi mwaka 2013, Strong alisema kwamba kwa miaka mingi hakujua kama jina lake limeondolewa. Upande wa Gordy ulisema kuwa kuandikwa kwake mwanzoni ndiko kulikokuwa kosa la makarani. Strong alifariki mwaka 2023. Sisi tulio mbali hatuwezi kuhukumu baina yao, lakini twaweza kuona hatari: mtu hakuwa na nakala, wala hakwenda kulitazama daftari.

Wale watunzi watatu wa Supremes nao waligombana na kampuni juu ya malipo, na kuanzia mwaka 1968 wakashtakiana mahakamani kwa miaka. Ugomvi huo ulikuwa na mzizi wake. Mwenye sahani, mwenye daftari la nyimbo na msimamizi wa waimbaji alikuwa ni mtu yule yule. Mtungaji akiona amepunjwa, akamlalamikie nani? Mtu hawezi kuwa muuzaji, mnunuzi na dalali kwa wakati mmoja, halafu pasiwe na maneno.

KWETU PWANI

Sasa turudi nyumbani. Sisi si wageni wa biashara ya santuri. Siti binti Saad wa Unguja alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, zaidi ya miaka thelathini kabla ya mkopo wa Gordy. Hapa Mombasa duka la Assanand na Wanawe lilitoa sahani zenye chapa ya Mzuri, na baadaye Mbwana Radio Service ikasambaza kanda za taarabu. Kampuni hizo zilitufanyia wema mkubwa, maana bila yao sauti nyingi zingepotea. Lakini kampuni ya sahani hujenga nyumba. Ni nani aliyekuwa mwangalizi wa viwanja?

Na kwetu swali hili lina uzito kuliko hata huko Detroit, kwa sababu mara nyingi mtungaji na mwimbaji ni watu wawili. Marehemu Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba mashairi ya Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita. Zein l'Abdin naye aliimba ya Sheikh Ahmed Nabhany. Hao ni majina makubwa, na wapenzi wa taarabu huwajua washairi pamoja na waimbaji. Lakini nyuma yao walikuwapo mafundi cherehani, walimu wa chuoni, mabaharia na akina mama wa nyumbani ambao maneno yao yaimbwa hadi leo na majina yao hayajulikani. Wimbo wa "Malaika" ni onyo la kutosha. Fadhili William aliurekodi, Miriam Makeba akaupeleka duniani, na baada yao wameuimba wageni wasiohesabika. Lakini mzozo wa nani hasa aliyeutunga ulidumu miaka mingi. Mzozo wa aina hiyo hautatuliwi kwa kumbukumbu za wazee. Hutatuliwa kwa karatasi yenye tarehe.

Cha kusikitisha ni kwamba wazee wetu walilijua jambo hili kabla ya sheria yoyote ya Kizungu. Mtu akizisoma tendi za zamani ataona kwamba aghalabu mtungaji hujitaja mwishoni, na wengine hutaja mji, tarehe, hata idadi ya beti, ili asije mtu akapunguza au akaongeza. Huo ulikuwa muhuri. Siku hizi mwimbaji hupunguza beti ili wimbo usiwachoshe wachezaji, na ubeti wa kwanza kuangushwa ni huo wa tamati. Na tungekuwa na nini cha Muyaka leo, kama Mwalimu Sikujua hangekaa na kuyaandika mashairi yake baada ya mwenyewe kufa?

MAJIBU KWA WAPINZANI

Wapo watakaosema kwamba ushairi ni hiba, na kwamba mzee wangu hakutunga kwa kutaka fedha. Ni kweli. Lakini hiba ni ya mwenye kutoa. Yeye alimpa mwimbaji wimbo auimbe harusini. Hakumpa mwenye kinanda wa miaka arubaini baadaye, wala mtu aliye ng'ambo anayeutia katika simu za watu na kuvuna matangazo. Na hata kama mwenyewe alisamehe, hakusamehe jina lake.

Wengine watasema: nyimbo zetu nyingi zimetiwa sauti za filamu za Kihindi au za Misri, tutadaije kodi kwa kiwanja ambacho nusu yake si chetu? Swali hili ni la haki, nami nalijibu kwa kukiri. Sauti iliyochukuliwa kwa mtu ni ya mtu. Lakini maneno ni kazi nyingine, na sheria huyatazama mbali na sauti. Shairi lililotungwa Kibokoni kwa mizani na vina ni mali ya aliyelitunga, hata likiimbwa kwa sauti iliyotoka Bombay. Tuandike kilicho chetu, na tukubali kisicho chetu.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mtungaji maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Maana yake ni kwamba nyimbo za wazee wengi tuliowazika bado zina wenyewe, nao ni mayatima na wajane walio miongoni mwetu. Lakini sheria hiyo hiyo yataka kazi iwe imeandikwa au imerekodiwa. Wimbo uliobaki kichwani mwa mtu hauna ulinzi wowote.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Tusianze kwa kuota kampuni ya mamilioni. Gordy alianza kwa dola 800 na sahihi, na sisi tuanze kwa daftari. Vijana wa kila mtaa wenye mwandiko mzuri wawaendee watungaji waliobaki na jamaa za waliotangulia, waandike wimbo mzima pamoja na ubeti wake wa mwisho, jina la mtungaji, mwaka, na nani aliuimba kwanza, mbele ya mashahidi wawili. Nakala moja ibaki kwa jamaa, nyingine ipelekwe kwa ofisi ya serikali ya hakimiliki. Baada ya hapo ndipo wenye mitaji waweza kuunda kampuni ya nyimbo za Pwani. Lakini pasiwe na mtungaji atakayetia sahihi karatasi asiyosomewa, isiyotaja fungu lake, isiyosema mkataba utakwisha lini, na ambayo hakupewa nakala. Na mwenye kampuni ya kurekodi asiwe ndiye mshika daftari. Yaliyompata Strong yatosha kutuonya.

Sisi ni watu tulioamrishwa katika Sura ya Bakara kuliandika deni na kulishuhudisha, liwe dogo au kubwa. Mwimbaji aliyechukua shairi kwa ahadi ya kumlipa mwenyewe baadaye, hilo nalo lilikuwa deni.

Siku ya pili baada ya harusi ile nilikwenda kwa mjane wa yule mzee, nikamwomba anifungulie sanduku la bati. Madaftari yalikuwa kumi na moja. Manne hayasomeki tena. Katika moja la yaliyosalia niliukuta wimbo ule ulioimbwa usiku uliotangulia. Una beti tisa. Kijana wa kinanda aliimba tano. Katika ubeti wa tisa mzee amejitaja jina lake, na la baba yake, na mtaa wake. Mjane aliponisikia nikisoma alisema kwamba hakujua kuwa ule ni wake. Tumeanza kuyanakili.